Mkono Kabla ya Mpira: Kumuaga Elijah Lotukoi, Fundi na Kocha

Leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bwana Elijah Lotukoi anavua koti la bluu la fundi baada ya kuitumikia ofisi yetu ya maji hapa Isiolo kwa miaka thelathini na minne. Aliingia akiwa kibarua wa kuchimba mitaro. Anatoka akiwa msimamizi wa mafundi wote wa bomba. Katikati ya hapo amekuwa pia kocha wa timu yetu ya wanawake ya mpira wa kikapu, kazi ambayo haikuwa kwenye barua yake ya ajira lakini ndiyo iliyomfanya ajulikane hadi Nanyuki.

Kamati imeniomba niandike wasifu wake kwa sababu dawati la wateja, ninakokaa, limetenganishwa na karakana yake kwa ukuta wa mabati tu. Kwa miaka mingi nimemsikia akiimba nyimbo za kanisa kwa Kiturkana huku akikata mabomba. Mambo makubwa huwa yananipita. Nayakumbuka madogo madogo, na kamati ilisema hayo yanatosha.

Lotukoi alizaliwa hapa mjini, kwa wazazi waliokuja kutafuta kazi wakiwa na mbuzi wachache ambao hawakumaliza mwaka. Alisoma shule ya misheni, na hapo ndipo alipoona mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza. Mpira wenyewe ulikuwa mmoja na wavulana walikuwa wengi, kwa hiyo anasema alijifunza kuutoa kabla ya kujifunza kuushika.

Kazini, kila mtu ana kisa chake juu yake. Mimi napenda kile cha ndovu. Bomba la kutoka mtoni lilikuwa limepasuka, mji mzima umekauka, na simu kwenye dawati langu hazinyamazi. Lotukoi alitumwa kwa pikipiki akaangalie. Alirudi jioni, matope hadi magotini, na meneja wa wakati huo akamuuliza kwa hasira mbona amechelewa hivyo. Alijibu kwa upole, "Nilikuta wateja wengine wanahudumiwa, bwana. Walikuwa wakubwa kuliko mimi. Nikangoja zamu yangu." Ndovu walikuwa wamezunguka lile bomba wakinywa, naye alikuwa amekaa juu ya mgunga akiwatazama. Tangu siku hiyo, mteja akinipigia kelele dawatini, namkumbuka Lotukoi juu ya mgunga na sauti yangu inarudi chini yenyewe.

Jambo la pili ni mgawo. Wasomaji wote wa ukurasa huu wanajua maji yetu hayatoshi, na kwamba kila mtaa una siku yake. Kufungua na kufunga vali ndiyo kazi inayoleta uadui kuliko zote katika ofisi hii. Lotukoi aliifanya bila kupendelea mtaa wake wala kanisa lake. Vijana wapya aliwafundisha kwa maneno yale yale: "Ukifungulia mtaa mmoja kila kitu, watakushangilia. Lakini huko mwisho wa laini watu wanafungua mfereji, wanasikia upepo." Alikuwa akisema hivyo karakanani asubuhi, na jioni anasema hivyo hivyo uwanjani.

Uwanja wetu wa saruji, pale nyuma ya ghala, ni kazi ya mikono yake. Ringi zote mbili alizikunja mwenyewe kwa vipande vya bomba vilivyobaki, na kwa bahati mbaya au nzuri zilitoka finyu kidogo. Timu za wageni hulalamika kila mwaka. Yeye huwajibu kwamba hata sisi tunatumia hizo hizo. Timu ya kwanza ilikuwa ya makarani, wafagiaji na mama mmoja wa jikoni aliyecheza na leso kiunoni. Mechi yake ya kwanza ilifungwa hadi wageni wakaona haya kuendelea kufunga.

Siku hiyo ya kwanza ndipo Lotukoi alipoanzisha desturi yetu. Mechi ikiisha, mashabiki hawatoki uwanjani mpaka wapite kwenye benchi na kumpa kila mchezaji mkono, washinde washindwe. Wachezaji husimama mstari, wanafuta jasho la mikono kwenye kaptura, wanangoja. Tuliifanya hivyo miaka yote. Wageni walikuja wakaiga. Tulijivuna nayo kuliko vikombe, kwa sababu vikombe vyenyewe vilikuwa viwili tu.

Sasa nafika kwa Peris Nakolong, kwa sababu huwezi kueleza kazi ya Lotukoi bila kumtaja, na huwezi kumtaja mbele yetu bila sisi kuangalia chini.

Lotukoi alimkuta kwenye kioski cha maji mtaani Chechelesi, alikokwenda kubadilisha koki. Peris alikuwa msichana mwembamba, amemaliza shule ya upili, anamsaidia mama yake kuuzia watu maji. Foleni ilikuwa ndefu na mitungi mitupu imerundikana. Alikuwa anawarushia wenyewe mmoja mmoja huku akiongea na mtu mwingine, na kila mtungi ulimfikia mwenyewe kifuani. Lotukoi alisahau koki. Alimwambia, "Wewe, mikono yako iko na macho. Jumamosi kuja ofisini, na usije na hizo malapa."

Alikuja na malapa. Hakuwa na viatu vingine. Mwisho wa msimu huo alikuwa ndiye namba moja wetu, yaani yule anayeuleta mpira kutoka nyuma na kuamua nani aupate. Kwa mara ya kwanza timu ya maji ilicheza kama maji yanavyotakiwa kutembea. Mpira ulimfikia kila mtu. Atabo wa uhasibu, ambaye kwa urefu wake wote alikuwa hajawahi kufunga zaidi ya mara moja kwa mechi, alianza kuulizwa na watoto barabarani kama yeye ndiye Atabo.

Na sisi mashabiki tulimpenda Peris. Nataka hilo liandikwe, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka hapo. Tulimpenda hata tukaanza kumpangia maisha. Tulisema atachukuliwa Nairobi. Tulisema atacheza timu ya taifa. Sharamo wa ghala aliapa kwamba siku hiyo atachinja dume la mbuzi hapa uani, na kila Jumatatu tulikuwa tunamuuliza kama mbuzi bado anakula vizuri. Wateja walimuuliza kioskini, "Peris wetu, kesho unatutilia ngapi?" naye alicheka tu, anafunga mfereji kabla mtungi haujamwagika.

Aliyeongoza ushabiki alikuwa mume wangu, marehemu Mwirigi, msoma mita, ambaye wengi wenu mnamkumbuka kwa ule mtungi wake wa manjano. Aliugeuza chini juu, akaupiga kama ngoma. Mwirigi aligundua kwamba Peris akirusha mwenyewe kutoka mbali, mara nyingi mpira unaingia. Akatunga mdundo wake: piga mara mbili, halafu uwanja mzima unaitikia, "Peris, piga!" Ulikuwa mdundo mtamu. Mimi mwenyewe niliusikia jikoni nikichambua mboga, miguu inacheza.

Lotukoi alikuja kwenye ngazi za mashabiki wakati wa mapumziko, kofia mkononi. "Ndugu zangu, wacheni mtoto agawe. Kazi yake ni kugawa."

Mwirigi akamjibu kwa sauti ya kusikika na wote, "Mzee, wewe gawa maji! Hii ya mpira tuachie!"

Tulicheka wote. Lotukoi alicheka pia, akavaa kofia yake, akarudi benchi. Mechi baada ya mechi Peris aligawa kidogo na kurusha zaidi. Mikono yake bado ilikuwa na macho, ila sasa masikio yake yalikuwa kwetu.

Fainali ya kanda ilichezwa hapa nyumbani, Oktoba ya mwaka jana, na timu ya Nanyuki. Walikuwa mbele kwa pointi moja na muda umebaki kidogo sana. Mpira ulikuwa kwa Peris. Atabo alikuwa chini ya ringi, peke yake, mkono juu kama mtu anayesimamisha gari. Kila mtu aliyekuwa uwanjani alimwona. Mtungi ukalia mara mbili. Nasi tukaitikia.

Peris alimtazama Atabo. Kisha aligeuza uso akatutazama sisi. Nimeuona uso huo mara nyingi tangu siku hiyo. Ulikuwa uso wa mtoto anayeulizwa na wazazi wawili aende kwa nani. Akarusha, akiwa amezibwa na wachezaji wawili. Mpira ukagonga ringi yetu finyu, ukaruka nje.

Mwirigi wangu akasimama juu ya ngazi akapaza sauti, "Umekula peke yako!" Sharamo akadakia, "Hata maji ya Sericho, kule mbali jangwani, hufika mapema kuliko pasi yake!" Watu wakacheka kile kicheko cha kuumwa. Na baada ya kicheko tukatoka. Hatukupita kwenye benchi. Tulitoka kwa geti la upande wa soko. Hakuna aliyesema tupite huko, miguu ilijua yenyewe. Nilipogeuka nikiwa getini, wachezaji walikuwa wameshasimama mstari, na Peris alikuwa wa kwanza, anafuta mkono wake kwenye kaptura.

Wiki hiyo yote watu walimfanyia mzaha kioskini. "Nipimie maji, lakini lenga vizuri." "Mama yako yuko? Yeye anajua kupeana." Wiki iliyofuata alileta jezi yake karakanani, imefuliwa na kukunjwa vizuri, bado ina harufu ya sabuni ya kipande. Nilimsikia kupitia mabati akisema, "Kocha, samahani, kuna kazi nyingi kwetu." Lotukoi hakumbishia. Aliitundika kwenye msumari kando ya koti lake, na iko hapo hadi leo asubuhi.

Hakutugombeza hata siku moja. Saa ya chai tu, tukiwa tunasema bado kwamba Peris alituangusha, alikoroga kikombe chake na kusema, "Mlimwomba kitu, akawapa. Sasa kosa lake ni lipi?" Sharamo alitoka kwenda kuangalia ghala ambalo lilikuwa limefungwa.

Msimu uliofuata timu ilicheza bila namba moja, ikashindwa, na sisi tulikuja wachache. Tulipita kwenye benchi kutoa mkono, lakini haraka haraka.

Mwirigi hakulizungumzia sana. Mtungi aliuweka nyuma ya jiko. Jumapili moja ya Januari alivaa viatu vizuri akasema anaenda Chechelesi kumwona yule msichana. Alifika kwenye geti letu, akasimama, akarudi akasema jua ni kali, ataenda wiki ijayo. Mnamo Aprili figo zilimlaza. Mei alituacha.

Tulimzika kwetu, upande wa Meru, na wengi wenu mlikuja, Mungu awabariki. Huko maji yalikuwa yamekatika. Lotukoi alifika alfajiri na mapipa kwenye pikapu, na kando yake ameketi Peris. Sikumwalika. Nisingethubutu. Alishuka, akafunga leso, akaenda moja kwa moja jikoni kwa kina mama.

Wakati wa chakula ndiye aliyewanawisha watu mikono. Alishika jagi na beseni, akapita mstari hadi mstari. Alipofika kwenye mahema ya ofisi, nilikuwa nimekaa nikimwona vizuri. Mmoja mmoja mlinyoosha mikono mkiangalia beseni. Sharamo alikunja mikono kifuani akasema ameshanawa. Hakuwa amenawa. Peris alibaki ameinama, jagi limeinuka. "Mzee, leta mikono, maji yanamwagika." Sharamo akaileta. Msichana tuliyemnyima mkono aliimwagia maji mikono yetu yote, akamaliza, akarudi kuongeza jagi.

Kwangu alisema, "Pole sana, mama." Halafu, kwa sauti ya chini, "Mimi nilikuwa napenda ule mtungi wa mzee. Mdundo ulikuwa poa. Ni yale maneno tu yalikuwa yananichanganya."

Hayo nimeyaweka. Najua Mwirigi angetaka kuyasikia, na angepaswa kusema kitu baada ya kuyasikia. Hakupata nafasi. Sisi tulio hai tunayo, na ndiyo sababu nimeandika haya yote kwenye karatasi ya sherehe ya mtu mwingine. Lotukoi ameyasoma na amesema yaachwe.

Kwa maana yeye hakuacha kazi nusu. Tangu Juni, kila Jumapili baada ya kanisa, amekuwa akifanya mazoezi na Peris hapa uwanjani, geti limefungwa, pamoja na Atabo na wawili wengine. Aliporidhika, alimwandikia mwalimu wa klabu moja ya Nairobi anayetafuta namba moja kijana, anayejua kugawa. Mwalimu huyo amekubali kuja. Anakuja leo, kwenye mechi ya kumuaga Lotukoi, kwa sababu hii ndiyo mechi pekee iliyobaki kabla klabu yake haijafunga kuandikisha wachezaji. Peris naye amekubali kucheza mbele yetu. Lotukoi anasema kabla ya kukubali aliuliza swali moja tu: "Watakuwa wamekaa wapi?"

Kwa hiyo, ndugu zangu, leo tunaweza kumsaidia au kumharibia kwa mara ya pili, na vyote viwili tunaweza kufanya kwa midomo ile ile.

Kamati ilikuwa imepanga kumpa mzee tangi la maji la nyumbani. Alicheka hadi akashika mbavu. "Miaka yote hiyo, halafu mnanipa tangi?" Tulipomuuliza basi anataka nini, alisema anataka mkono. Sio kwake. Alisema timu ilingoja mkono Oktoba ya mwaka jana na bado inangoja, na hataki kwenda nyumbani akiacha watu mstarini.

Tumekubaliana hivi. Saa tisa na nusu, kabla ya mpira kuanza, mashabiki wote tutasimama mstari mbele ya benchi, sisi ndio tungoje safari hii, na timu ndiyo ipite. Futa mkono wako kwanza. Usimwambie Peris maneno mengi, wala usimwambie kuhusu Nairobi. Sharamo amesema atasimama wa kwanza, na mbuzi asiulizwe. Akitupa mkono, tuupokee. Akipita bila kutoa, ni haki yake, nasi tubaki tumesimama mpaka wa mwisho apite. Mpira ukianza, tushangilie kila pasi. Kurusha au kugawa, aachiwe yeye. Yule wa Nairobi amekuja kuona macho ya mikono yake, sio kusikia matumaini yetu.

Jambo dogo la mwisho. Wiki iliyopita nilimpelekea Lotukoi ule mtungi wa Mwirigi. Kitako kilikuwa kimepasuka kwa kupigwa. Hakuniuliza wa nini. Alipasha chuma, akayeyusha kipande cha plastiki, akaziba ufa polepole, akaujaza maji na kuuacha kwenye meza yake ya kazi usiku kucha. Asubuhi meza ilikuwa kavu. Leo utakuwa kando ya benchi la wachezaji, umejaa, na vikombe viko juu. Hautapigwa. Atakayesikia kiu akanywe.

Mzee Lotukoi, asante kwa mitaro, kwa mabomba, kwa ringi zako finyu, na kwa mitaa ya mwisho wa laini ambayo haikusikia upepo kwa sababu yako. Asante kwa kutuvumilia sisi wa ngazini. Mkeo, Mama Ekuam, akufurahie nyumbani, magoti yapumzike, mfereji wako usikauke, na Jumapili uje utuone. Nenda kwa amani na maisha yakutendee mema.

Tukutane mstarini.

Janice Kathambi
Dawati la Wateja